Programu huria: Mali ya wote, mzigo wa wachache

Benki, hospitali, kampuni za simu na ofisi za serikali duniani kote hutegemea programu za kompyuta ambazo msimbo wake uko wazi kwa kila mtu. Nyingi kati ya programu hizo hutunzwa na watu wachache, na baadhi yao hawalipwi chochote. Makala haya yanaeleza programu huria ni nini, kwa nini imezua mjadala mkali katika miaka ya karibuni, na mjadala huo unazihusu vipi nchi za Afrika Mashariki.

Huria si bure

Kila programu huandikwa kwanza na binadamu kwa lugha maalumu ya maelekezo. Maandishi hayo huitwa msimbo chanzo. Kampuni nyingi huuficha msimbo huo na kumuuzia mteja programu iliyokamilika, ambayo anaweza kuitumia bila kujua imetengenezwa vipi. Programu huria hufuata njia nyingine: msimbo wake huwekwa hadharani, na leseni yake humruhusu yeyote kuitumia, kuusoma msimbo, kuurekebisha na kuusambaza kwa wengine.

Mwaka 1983 Mmarekani Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU, uliokusudia kujenga mfumo endeshi ulio huru kabisa. Mwaka 1991 Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland, alitoa kiini cha mfumo kinachojulikana kama Linux. Leo kiini hicho ndicho msingi wa seva nyingi za intaneti, na pia wa simu zote zinazotumia Android, zikiwemo zile zinazotumika kutuma na kupokea fedha katika masoko ya Nairobi, Mwanza na Kampala.

Kiingereza hutumia neno moja kwa kitu kilicho huru na kwa kitu kisicholipiwa, na utata huo umewasumbua watetezi wa programu huria kwa miongo kadhaa. Kiswahili hakina tatizo hilo: huria ni jambo moja, bure ni jambo jingine. Hata hivyo, katika matumizi ya kila siku taasisi nyingi zimeipokea programu huria kana kwamba ni ya bure tu, na hapo ndipo mgogoro ulipoanzia.

Mgeni aliyepewa jembe

Tarehe 29 Machi 2024, Andres Freund, mhandisi wa kampuni ya Microsoft ambaye pia ni miongoni mwa watengenezaji wa programu huria ya hifadhidata iitwayo PostgreSQL, aliwatahadharisha wataalamu wa usalama wa kompyuta duniani. Alipokuwa akipima kasi ya mitambo yake aligundua kwamba huduma ya SSH, ambayo mafundi huitumia kuingia katika seva zilizo mbali, ilikuwa ikichelewa kwa takriban nusu sekunde na kutumia nguvu nyingi za kompyuta kuliko kawaida. Wengi wangelipuuza jambo dogo kiasi hicho. Yeye alilifuatilia hadi akafika kwenye programu ndogo iitwayo XZ Utils, ambayo kazi yake ni kubana mafaili ili yachukue nafasi ndogo.

Ndani ya matoleo mawili mapya ya programu hiyo, 5.6.0 na 5.6.1, yaliyotoka Februari na Machi mwaka huo, kulikuwa kumefichwa mlango wa siri. Mwenye ufunguo wake angeweza kuingia katika seva iliyoathirika na kuiamuru ifanye alitakalo. Udhaifu huo ulipewa alama 10 kati ya 10 katika kipimo cha kimataifa cha hatari.

Aliyeuweka alitumia jina la Jia Tan, na hadi leo haijajulikana hadharani ni nani, wala kama ni mtu mmoja au kundi. Alianza kuchangia mwaka 2021 kwa marekebisho madogo yaliyokuwa na manufaa ya kweli. Wakati huo XZ Utils ilitunzwa na Mfini Lasse Collin, aliyekuwa ameibeba kazi hiyo kwa miaka mingi. Mwaka 2022 akaunti nyingine zisizofahamika zilianza kumlalamikia Collin kwamba kazi inakwenda polepole, zikamshinikiza aongeze mtunzaji mwingine. Collin alijibu kwamba mradi huo ni kazi ya kujitolea isiyo na malipo.

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni huyu alilishika jembe vizuri kwa zaidi ya miaka miwili, hata akaaminiwa kutoa matoleo mapya kwa jina la mradi. Alipopata mamlaka hayo ndipo alipopanda alichokusudia.

Bahati ni kwamba matoleo hayo yalikuwa hayajaingia katika mifumo imara inayotumiwa na taasisi nyingi. Yalikuwa yamefika hasa katika matoleo ya majaribio ya mifumo kama Debian na Fedora. Lau yangekaa miezi michache zaidi bila kugunduliwa, yangeweza kusambaa katika seva nyingi duniani.

Uwazi una mipaka yake

Kisa hiki kimetumiwa na pande mbili zinazokinzana. Wanaopendelea programu zilizofichwa husema kwamba kimedhihirisha hatari ya kumpokea mchangiaji asiyejulikana anakotoka. Watetezi wa programu huria hujibu kwamba Freund, ambaye hakuwa na cheo chochote katika mradi wa XZ, aliweza kuugundua mlango huo kwa sababu alikuwa na ruhusa na uwezo wa kuufungua msimbo na kuuchunguza. Katika programu iliyofichwa, wanasema, angeishia kulalamika kwa kampuni husika na kusubiri.

Kila upande una sehemu ya ukweli. Lakini lipo jambo ambalo mara nyingi husahauliwa. Msimbo wa hila ulifichwa ndani ya mafaili ya majaribio ambayo hayasomeki kwa macho, na kipande cha kuuamsha hakikuwemo katika hazina ya wazi ambayo kila mtu huitazama. Kiliwekwa katika kifurushi cha toleo ambacho wasambazaji hupakua. Yaani kilichosomwa na watu si kile hasa kilichosafirishwa. Uwazi humpa kila mtu haki ya kutazama. Haumpi mtu yeyote wajibu wa kutazama.

Hili halikuwa onyo la kwanza. Aprili 2014 iligundulika kasoro iliyopewa jina la Heartbleed katika OpenSSL, programu inayolinda siri za mawasiliano katika sehemu kubwa ya intaneti. Kasoro hiyo ilikuwa imekaa katika matoleo yaliyotumika tangu mwaka 2012. Dunia ilishangaa kusikia kwamba taasisi iliyosimamia programu hiyo, tegemeo la benki na maduka makubwa ya mtandaoni, ilikuwa ikipata michango ya takriban dola 2,000 tu kwa mwaka. Desemba 2021 ikafuata kasoro ya Log4j, kipande cha programu cha kuandika kumbukumbu za mfumo kilichokuwa ndani ya maelfu ya bidhaa, mara nyingi bila wenye bidhaa hizo kujua. Waliokesha wakiirekebisha walikuwa watu wachache waliojitolea, huku wakilaumiwa na watumiaji ambao hawakuwahi kuwalipa.

Nani alipe?

Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walikadiria kwamba kama programu huria isingekuwepo, na kila kampuni ikalazimika kujitengenezea yake, gharama ingefikia dola trilioni 8.8. Kuziandika upya mara moja tu programu zilizotumika zaidi kungegharimu takriban dola bilioni 4.15. Tofauti ya hesabu hizo mbili ndiyo faida ambayo dunia huivuna kwa kushirikiana. Swali ni nani anayerudisha kidogo shambani.

Rai ya kwanza ni kwamba serikali zilipe, kama zinavyolipia barabara na madaraja. Ujerumani ilianzisha mwaka 2022 mfuko wa umma unaowalipa watunzaji wa programu za msingi, ikiwa na hoja kwamba uchumi wake wote unapita juu yake.

Rai ya pili ni kuwabana kisheria wanaouza bidhaa. Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya usalama wa bidhaa za kidijitali iliyoanza kuwa na nguvu tarehe 10 Desemba 2024, na masharti yake makuu yatatekelezwa kuanzia tarehe 11 Desemba 2027. Anayeuza kifaa au programu katika soko la Ulaya atawajibika kwa vipande vyote vilivyomo, hata kama alivichota kwenye programu huria. Anayeandika msimbo kwa kujitolea bila biashara hatabebeshwa mzigo huo.

Rai ya tatu hutoka kwa baadhi ya wachangiaji wenyewe. Wao huhofia kwamba fedha zitageuza ushirika kuwa ajira, kwamba mwenye kulipa atataka kuamuru, na kwamba mambo yasiyo na faida ya haraka yataachwa. Hofu hiyo si ya kupuuzwa. Hata hivyo, kisa cha XZ kimeonyesha kwamba mtunzaji aliyechoka na aliye peke yake ni rahisi kushinikizwa kuliko yule mwenye wenzake na mwenye kipato.

Afrika Mashariki si mtazamaji

Kanda hii imekuwa ndani ya historia ya programu huria kwa muda mrefu, na si kama mpokeaji tu. Mwaka 2004 toleo la Kiswahili la programu za ofisi za OpenOffice lilitolewa kwa ushiriki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa jina la Jambo OpenOffice. Januari 2008, katikati ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Kenya, wanaharakati na wataalamu wa teknolojia wakiwemo Ory Okolloh, Juliana Rotich, Erik Hersman na David Kobia walianzisha Ushahidi, programu ya kukusanya taarifa za wananchi na kuziweka kwenye ramani. Miaka miwili baadaye ilitumika katika tetemeko la ardhi la Haiti.

Sekta ya afya ina utegemezi mkubwa. OpenMRS, mfumo wa kutunza rekodi za wagonjwa, ulikua kutokana na ushirikiano uliohusisha Chuo Kikuu cha Moi mjini Eldoret na taasisi za Marekani, na ulianza kutumika Kenya na Rwanda mwaka 2006. KenyaEMR, unaotumika katika vituo vingi vya kuwahudumia watu wenye VVU nchini Kenya, umejengwa juu yake. Mfumo wa takwimu za afya wa DHIS2, unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norway, hutumiwa na wizara za afya za Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda. Takwimu za chanjo, za malaria na za vifo vya kina mama hupita humo kabla ya kufika mezani kwa wanaopanga bajeti.

Leseni za mifumo hii hazilipiwi. Lakini seva, mafunzo, marekebisho na mafundi hulipiwa, na kwa miaka mingi sehemu kubwa ya fedha hizo ilitoka kwa wafadhili wa nje, hasa mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI, PEPFAR. Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje Januari 2025, nchi nyingi zilijiuliza ni nani atakayewalipa wahandisi waliokuwa wakiiendesha mifumo hiyo. Msimbo ulibaki wazi kama ulivyokuwa. Mikono ya kuutunza ndiyo iliyokuwa mashakani.

Kuna hatari nyingine isiyosikika sana. Taasisi ikiichukua programu huria, ikaibadilisha kwa mahitaji yake na isirudishe mabadiliko hayo katika mradi mkuu, toleo lake hujitenga taratibu. Kasoro inapogunduliwa na mradi mkuu ukatoa kiraka, kiraka hicho huenda kisikubali kukaa kwenye toleo lililojitenga. Hapo taasisi hubaki na programu ya zamani yenye kasoro ambayo kila mdukuzi ameshaisoma.

Mambo matatu ya kuanzia

Wataalamu wengi wanakubaliana juu ya hatua tatu ambazo wizara, benki au kampuni yoyote inaweza kuzichukua bila kusubiri sheria mpya.

Ya kwanza ni orodha. Mali bila daftari hupotea bila habari. Taasisi inapaswa kuwa na orodha kamili ya vipande vya programu vilivyomo katika mifumo yake, pamoja na matoleo yake. Serikali ya Marekani ilianza kuidai orodha ya namna hiyo kutoka kwa wauzaji wake kufuatia amri ya rais ya Mei 2021. Mkataba wa ununuzi wa programu katika nchi zetu unaweza kuwa na sharti hilohilo.

Ya pili ni muda wa watu. Mhandisi wa serikali anayetumia siku moja kwa wiki kurudisha marekebisho katika mradi mkuu hafanyi hisani. Anailinda mifumo ya mwajiri wake isijitenge. Vyuo vikuu, kama kile cha Dar es Salaam ambacho wataalamu wake wamefanya kazi na DHIS2 kwa miaka mingi, vinaweza kuwa makao ya ujuzi huo badala ya kuutafuta ng'ambo kila mara.

Ya tatu ni fungu la kudumu katika bajeti. Gharama ya leseni iliyookolewa isihesabiwe yote kuwa faida. Sehemu yake iwekwe kwa ajili ya matengenezo, kila mwaka, hata katika mwaka ambao hakuna kilichoharibika.

XZ Utils bado inatumika, na Lasse Collin alirudi kuisafisha. Mwishoni mwa Mei 2024 alitoa toleo jipya lisilo na msimbo wa hila. Mifumo mingi duniani imeshalipokea, na imelipokea bila malipo kama ilivyozoea.