Makao ya Chipu ya Grafiki: Ndani na Nje ya Kompyuta Mpakato za Kazi

Kompyuta mpakato ya kazi, yaani ile ambayo msanifu majengo, mhandisi au mhariri wa filamu huitegemea kujipatia riziki, imekabiliwa tangu miaka ya 1990 na madai mawili yasiyopatana kwa urahisi: iwe nyepesi kubeba, na iweze kuchora picha nzito bila kusuasua. Uchoraji huo hufanywa na prosesa ya grafiki, chipu iliyoundwa kupiga hesabu nyingi ndogondogo kwa wakati mmoja. Chipu hiyo imewahi kukaa peke yake kwenye ubao mama, ikahamia ndani ya prosesa kuu, na mara kadhaa ikatolewa nje kabisa ya mashine, na kila uhamisho uliamuliwa na joto, umeme, na upana wa njia ya kupitishia data.

Wazo la kuiacha nguvu mezani na kubeba wepesi mkononi lilionekana mapema katika PowerBook Duo, iliyotolewa na Apple mwezi Oktoba 1992. Mashine hiyo ilikuwa na uzito wa takriban kilo 1.9, na kioo chake kilionyesha vivuli 16 tu vya kijivu. Lakini iliposukumwa ndani ya kituo chake, Duo Dock, kama mkanda wa video unavyoingizwa kwenye deki, ilipata kumbukumbu ya picha kwa ajili ya skrini kubwa ya rangi, pamoja na nafasi mbili za kuchomeka kadi za ziada, ikiwemo kadi ya grafiki.

Katika muongo huohuo kompyuta mpakato nyingi zilitegemea chipu ndogo za grafiki zilizolehemiwa kwenye ubao mama. NeoMagic, kampuni ya California, iliunganisha kumbukumbu na saketi za kuchora katika chipu moja, na hivyo ikapunguza nafasi na umeme uliohitajika. Nvidia ilileta GeForce2 Go mwishoni mwa mwaka 2000, na mwaka 2001 ikafuata Quadro2 Go kwa ajili ya wahandisi. Katika familia ya Quadro, tofauti kubwa na chipu za michezo ilikuwa kwenye programu endeshi, yaani programu inayouwezesha mfumo wa kompyuta kuwasiliana na chipu, ambayo ilipimwa na kuidhinishwa kwa matumizi ya programu za usanifu.

Wakati huohuo grafiki jumuishi, yaani ile isiyo na kumbukumbu yake bali hutumia sehemu ya kumbukumbu kuu, ilikuwa ikipanda ngazi kutoka chini. Mwaka 1999 Intel iliiweka ndani ya chipu saidizi za familia ya 810. Mwaka 2010 ikaihamishia katika pakiti moja na prosesa kuu. Na Januari 2011, kwa kizazi cha Sandy Bridge, ikaichonga kwenye kipande kilekile cha silikoni. Nguvu yake ilikuwa ndogo, lakini ilitosha kwa hati, majedwali na video, na betri ilidumu zaidi.

Grafiki ya pekee, yaani ile yenye chipu yake yenyewe kwenye ubao mama, kwa upande wake ilidaiwa gharama ya joto. Chipu ya namna hiyo hushikwa na vijitone vingi vya lehemu, ambavyo hupanuka mashine inapofanya kazi na kusinyaa inapopoa. Nyenzo zisipolingana, lehemu hupata nyufa na kioo huwa cheusi. Julai 2008 Nvidia ilitangaza kutenga dola za Marekani kati ya milioni 150 na 200 kugharimia kasoro za nyenzo katika baadhi ya chipu zake za kompyuta mpakato.

Watengenezaji walijaribu kuzipatanisha grafiki hizo mbili ndani ya mashine moja. Mwaka 2006 Sony iliweka swichi kwenye Vaio SZ, ambayo ilimlazimu mtumiaji kuzima na kuwasha upya kila alipobadili grafiki. Kero hiyo iliondolewa na mfumo wa Optimus wa mwaka 2010, ambao chini yake grafiki ya pekee huamshwa kwa kazi nzito tu, huchora picha, kisha huikabidhi kwa grafiki jumuishi ili iipeleke kwenye kioo.

Grafiki ya nje ilirejea kila njia ya data ilipopanuka. Fujitsu Siemens iliijaribu mwaka 2008, na Sony ikaiweka ndani ya kituo cha Vaio Z mwaka 2011, lakini kila kampuni ilikuwa na mpangilio wake. Thunderbolt 3 ya mwaka 2015, yenye gigabiti 40 kwa sekunde kupitia kebo moja, ilifungua mlango kwa makasha kama Razer Core ya mwaka 2016, yanayobeba kadi kamili ya kompyuta ya mezani pamoja na kifaa chake cha umeme. Hata hivyo njia hiyo ilikuwa finyu kuliko nafasi ya kadi kwenye ubao wa mezani, na ilizidi kubanwa pale picha iliporudishwa kwenye kioo cha kompyuta yenyewe.

Apple iliruhusu makasha hayo rasmi Machi 2018, lakini kompyuta zake zenye chipu ya M1, zilizotoka Novemba 2020, hazikuyakubali; ndani yake prosesa kuu na grafiki hutumia hazina moja ya kumbukumbu iliyo jirani nazo. Thunderbolt 5, iliyotangazwa mwaka 2023, ilifikisha njia gigabiti 80, lakini ukaribu wa kumbukumbu ni faida ambayo kebo haiwezi kuifidia yote. Kwa sababu hiyo grafiki jumuishi imetwaa kazi nyingi za ofisi na studio, ya pekee imebaki kwa wanaolazimika kuibeba nguvu hiyo safarini, na ya nje inamfaa zaidi yule ambaye kazi yake nzito humsubiri kwenye meza ileile kila siku.