Kitofali cha Makaa: Jina Liseme Kilichomo

Banissa, katika Kaunti ya Mandera, karibu na mpaka wa Ethiopia, nyama ya mbuzi huchomwa kwa makaa ya migunga ya nchi kavu. Miti hiyo hukua polepole katika ardhi yenye mvua haba, mti wake ni mzito, na makaa yake yakigonganishwa hutoa mlio mkavu wa juu. Wasomali wa huko huyaita dhuxul, mtu wa Nairobi huyaita makaa, wa Dar es Salaam huyaita mkaa, na mpaka hapo wote wanaelewana. Kutoelewana kunaanza pale mtu anapoletewa mfuko wa vipande vyeusi vya umbo moja, vilivyofinyangwa kwa mashine au kwa mkono, akaambiwa kwamba hizo ni briketi. Ndani mna nini? Jina halimwambii, na nyama yake inakwenda kulala juu ya kitu hicho bila sufuria katikati.

Neno lenyewe asili yake ni Kifaransa, na maana yake ni tofali dogo tu. Linataja umbo. Halisemi kama kilichofinyangwa ni vumbi la makaa, pumba za mpunga, vifuu vya nazi, maranda ya mbao au makaa ya mawe. Marekani, Ellsworth Zwoyer wa Pennsylvania alipata hataza ya umbo la fueli ya namna hiyo mwaka 1897. Miaka ya 1920 Henry Ford, aliyekuwa na marundo ya mabaki ya mbao kutoka kiwanda chake cha sehemu za magari huko Michigan, alitumia njia ya mkemia Orin Stafford: mabaki yanachomwa yawe makaa, yanasagwa, yanachanganywa na wanga, yanashindiliwa. Mifuko yake iliuzwa kupitia wauzaji wa magari ya Ford, na baadaye biashara hiyo ikachukua jina la Kingsford. Kwa hiyo tangu mwanzo briketi ilikuwa njia ya kuuza kile ambacho kingetupwa. Hilo si aibu. Lakini mnunuzi ana haki ya kujua kilichokuwa kinatupwa ni nini.

Kiswahili kimejaribu njia tatu. Ya kwanza ni kukopa: briketi. Neno ni jepesi mdomoni na limekwishazoeleka maofisini na kwenye mifuko ya bidhaa. Hata Shirika la Madini la Taifa la Tanzania, STAMICO, lilipotoa fueli yake ya kupikia liliipa jina Rafiki Briquettes, nusu Kiswahili na nusu Kiingereza. Ya pili ni mkaa mbadala, ambayo ndiyo inayosikika zaidi Tanzania, hasa tangu serikali ilipozitaka taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa, kisha ikazindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034. Ya tatu ni ya mitaani, makaa ya vumbi, inayosikika Nairobi kwa madonge yanayofinyangwa kwa vumbi linalobaki chini ya magunia ya wauzaji.

Kati ya hizo, mkaa mbadala ndiyo inayonisumbua zaidi. Ni jina la sera. Linasema kitu hiki kimekuja mahali pa kingine, basi. Chini ya jina hilo hilo utakuta vifuu vya nazi vya pwani, makapi ya miwa ya magharibi mwa Kenya, na Rafiki Briquettes za STAMICO, ambazo hutengenezwa kwa makaa ya mawe. Mpishi wa shule anayechemsha maharage katika sufuria kubwa yenye kifuniko anaweza asione tofauti kubwa, mradi jiko lina bomba la moshi. Mchoma nyama ataiona mara moja. Makaa ya mawe yana salfa, na harufu yake hushika mafuta ya nyama na haitoki kwa ndimu wala chumvi. Jina linaloviweka vitu hivi vyote katika kapu moja limemnyima msomaji habari aliyoihitaji.

Makaa ya vumbi ni jina la kweli zaidi, kwa kuwa lilitungwa na watu wanaokiona kitu chenyewe. Makaa yanapovunwa, kupakiwa, kusafirishwa kwa lori na kumwagwa sokoni, yapata sehemu moja katika kumi husagika na kuwa vumbi na chenga. Anayeziokota, akazichunga na kuzifinyanga, anaokoa mti uliokwisha kukatwa. Kasoro ya jina hili ni kwamba linafaa kwa aina moja tu. Huwezi kukiita makaa ya vumbi kipande kilichotokana na vifuu.

Kwa hiyo napendekeza kitofali cha makaa, na wingi wake vitofali vya makaa, kisha jina la kilichomo lifuate kila mara: kitofali cha vumbi la makaa, kitofali cha vifuu, kitofali cha pumba, kitofali cha makaa ya mawe. Kiambishi ki- kinafanya kazi ile ile inayofanywa na kiambishi cha udogo katika Kifaransa, na tofali ni neno ambalo kila Mswahili analijua. Anayependa kusema briketi aseme. Kosa haliko katika kukopa. Ninachosisitiza ni ile sehemu ya pili, ya kilichomo. Neno lisilo na sehemu hiyo ni nusu istilahi.

Tofauti hizi huonekana vizuri kwenye moto. Makaa mazuri ya mti yana nguvu ya karibu megajuli 30 kwa kilo na majivu machache, asilimia chache tu za uzito wake. Hushika moto upesi, hupanda kwa ukali, kisha hushuka. Vipande havilingani, kimoja ni gogo na kingine ni kijiti, ndiyo maana mchomaji wa Banissa haondoki jikoni: anasukuma makaa huku na huko, anahamisha mbavu kutoka penye moto mkali hadi pembeni, anageuza paja. Kitofali huchelewa kushika. Kikishashika huwaka kwa usawa kwa muda mrefu, kwa kuwa vipande vyote vina ukubwa mmoja na hewa hupita kati yao kwa kipimo kimoja. Lakini kitofali kilichofinyangwa kwa vumbi la sokoni huwa na mchanga na udongo uliookotwa pamoja na vumbi, na majivu yake yanaweza kufika robo ya uzito mzima, wakati mwingine yakapita hapo. Majivu hayo hukaa juu ya kipande, huziba hewa, na moto unafifia huku ndani bado mna makaa. Ukiona mchomaji anagonga wavu mara kwa mara au anapepea bila kupumzika, mara nyingi anapambana na udongo.

Viwanda vya Marekani vilitatua baadhi ya hayo kwa kuongeza vitu. Baadhi ya vitofali vyao vimekuwa na makaa ya mawe ili moto udumu, chokaa ili majivu yawe meupe na mpishi ajue kwamba moto uko tayari, na boraksi ili vipande vitoke kwenye kalibu bila kushikamana. Ndiyo maana wachomaji wa huko hufundishana kungoja mpaka kipande chote kivae majivu ya kijivu kabla ya kuweka nyama. Kanuni hiyo inafaa popote. Kinachotoa harufu mbaya, iwe ni kigandishi kinachoshikanisha vumbi au mabaki yasiyoungua vizuri, huondoka katika dakika za mwanzo.

Kigandishi nacho kinahitaji neno, na mafundi wanalo tayari: uji. Vumbi la makaa halina kitu cha kulishikanisha, hivyo hupikwa uji mzito wa unga wa muhogo au mahindi, ukachanganywa na vumbi, ukashindiliwa na kuanikwa siku kadhaa. Jua la Mandera linatosha na kubaki. Unga ndio hautoshi. Katika kaunti ambako ukame umekuwa ukirudi kila baada ya muda mfupi na chakula cha msaada hushushwa kwa malori, kupikia makaa uji wa unga ni jambo ambalo mama mwenye watoto atalikataa, na atakuwa na haki. Udongo wa mfinyanzi unashika pia, ila unarudisha tatizo la majivu.

Kaskazini mwa Kenya kuna njia nyingine ambayo ningependa izungumzwe zaidi. Huko hukua mgunga ambao Wasomali huuita cadaad, unaotoa gundi iliyo maarufu katika soko la dunia, ile inayowekwa katika vinywaji, peremende na dawa. Wafugaji wa Mandera, Wajir na Garissa huikusanya na kuiuza. Gundi hiyo imetumika kugandisha vitofali vya makaa, na madonge yaliyochafuka ambayo wanunuzi huyakataa yangetosha kwa kazi hiyo. Mti haukatwi, unga hauguswi. Hapo hata jina lingejitosheleza: kitofali cha vumbi la makaa na gundi ya mgunga.

Kuna neno jingine linaloandamana na haya katika vitabu vya mapishi ya uani, nalo ni lile la kuiva kwa moshi. Kiswahili kina kuchoma, kina kubanika, kina kukausha kwa moshi, na kina kufukiza. Mtu anaweza kudhani kwamba vitofali ndivyo vinavyotoa moshi huo. Sivyo. Moshi wenye ladha hutoka katika zile sehemu za mti ambazo hufukuzwa wakati mti unapochomwa kuwa makaa. Makaa yaliyoiva vizuri hayana moshi wa kutoa. Ile ladha ya nyama choma hutokana na mafuta yanayodondoka juu ya makaa na kupanda tena kama mvuke. Anayetaka moshi wa mti hutumia vitofali kwa ajili ya joto la taratibu, nyuzi 100 na kitu kwa saa nyingi, kisha anaweka juu yake vipande vya mti mkavu usiochomwa.

Watu wa Banissa wanaijua tofauti hiyo vizuri, ingawa si kwenye nyama. Nyama ya akiba hukatwa vipande vyembamba, hukaushwa, hukaangwa na kuhifadhiwa katika mafuta, ndiyo nyirinyiri. Moshi ni wa chombo cha maziwa. Wanawake wafugaji huchukua vijiti vya mti waliouchagua, wakavitia moto, wakaviingiza ndani ya chombo na kukifunika ili moshi ukae. Moshi huo hupunguza vijidudu na kuyapa maziwa ya ngamia ladha inayotambulikana, hasa yakishaganda yakawa susa. Kila mama ana mti anaouamini. Mletee kitofali kizuri kuliko vyote na hakitamfaa, kwa kuwa moshi anaouhitaji ulikwishatoka tanurini. Neno la kazi hii ni kufukiza, na nadhani ndilo linalofaa pia kwa nyama inayoivishwa kwa moshi wa mti, ili kukausha kwa moshi kubaki kwa samaki wa kuhifadhiwa.

Suala la majina lina uzito kwa sababu ya miti yenyewe, kwani jina ndilo linaloweza kumwambia mnunuzi ni mti gani uliokatwa. Ng'ambo ya mpaka, Somalia, mgunga uitwao galool ulikatwa kwa wingi ili makaa yake yapelekwe Ghuba, ambako yalipendwa kwa kuchomea nyama na kwa shisha. Fedha zilizotoka humo ziliwafikia wapiganaji wa Al-Shabaab, na Februari 2012 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, kwa azimio namba 2036, likapiga marufuku uagizaji wa makaa kutoka Somalia. Kenya nayo ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma Februari 2018. Mgunga wa nchi kavu uliochukua miongo kukua huteketea tanurini kwa siku chache, na katika tanuri la udongo la kienyeji, kilo kumi za mti hutoa kilo moja au mbili za makaa.

Garissa, kando ya Mto Tana, kuna mti ambao hakuna anayeulilia ukikatwa: mathenge. Uliletwa kuzuia jangwa, ukateka malisho na kingo za mito, na maganda yake matamu huharibu meno ya mbuzi. Makaa yake ni mazito na yanafaa kwa nyama. Vitofali vya chenga za mathenge vina kila sababu ya kutengenezwa na kuuzwa kwa jina lao, ili anayenunua ajue kwamba hakununua mgunga wa mtu.

Onyo moja kabla ya kumaliza: kwa vile vitofali hudumu muda mrefu bila moshi, watu hushawishika kuvileta ndani usiku wa baridi. Kaboni monoksidi haina harufu. Jiko la vitofali likae nje.

Kiswahili ni lugha ya taifa na lugha rasmi ya Kenya kwa Katiba ya 2010, kwa hiyo haitoshi mfuko wa fueli kuandikwa Kiingereza pekee. Wenye viwanda waandike kwa Kiswahili mambo matatu: kilichomo, kigandishi, na kiasi cha majivu. Nawe mnunuzi, kabla hujatoa pesa, vunja kitofali kimoja utazame ndani kama kuna mchanga, kisha muulize muuzaji kimetengenezwa kwa nini. Asipojua, hicho si cha kuchomea nyama.