Don Garlits na gari lenye motere nyuma: safari ya mwaka 1970 hadi 1971

Siku ya Jumapili tarehe 8 Machi 1970, kwenye uwanja wa mbio za magari wenye kuitwa Lions, karibu na mji wa Long Beach, jimbo la California huko Marekani, gari la Don Garlits lilikatika vipande viwili mbele ya watu. Halikugonga kitu. Lilikuwa ndiyo kwanza linaanza kutoka. Taa ya kijani iliwaka, Garlits akakanyaga pedali ya mafuta, na papo hapo bwate ya vitesi iliyokuwa karibu na miguu yake ikapasuka. Sehemu ya mbele ikaenda na motere yake. Sehemu ya nyuma ikapinduka, na shofere amefungwa mukanda ndani yake. Vipande vya chuma viliruka mpaka kwa watazamaji, na kijana mmoja akaumia vibaya sana kwenye mkono. Garlits alipotolewa alikuwa mzima wa akili, lakini sehemu ya mbele ya mguu wake wa kuume ilikuwa imekwenda.

Kwa wale ambao hawajapata kuona mbio za namna hii, tueleze kidogo. Si mbio za kuzunguka mji wala za kupita porini. Magari mawili yanasimama sambamba, barabara imenyooka, na urefu wake ni robo ya maili, yaani mita 402, kama viwanja vinne vya mpira vilivyopangwa kwa mstari. Taa inawaka na magari yanatoka. Wakati ule magari makubwa yalimaliza umbali huo katika sekunde sita na nusu hivi, na yalipofika mwisho yalikuwa yanapita kilometa 350 kwa saa. Breki peke yake haiwezi kusimamisha kitu kama hicho, kwa hiyo shofere anafungua parashuti nyuma. Motere haitumii esansi ya kawaida bali nitrometani, mafuta ambayo yanakwenda na hewa yake ndani, na ndiyo sababu yanatoa nguvu nyingi kuliko esansi na kupasua chuma vilevile. Mwenye kushindwa anapakia gari lake na kurudi nyumbani. Mwenye kushinda anapangwa na mwingine, mpaka wabaki wawili.

Shida ilikuwa kwenye namna magari yale yalivyotengenezwa. Motere ilikaa mbele na shofere alikaa nyuma kabisa, hata nyuma ya magurudumu makubwa, kama jiwe ndani ya manati. Wamarekani wenyewe waliyaita kwa jina la manati. Hesabu yake ilieleweka: uzito wa mtu ukiwa nyuma, magurudumu yanashika vizuri barabara. Lakini maana yake ni kwamba kila kitu chenye kuweza kupasuka kilikuwa mbele ya uso wa shofere au katikati ya miguu yake. Mafuta ya moto yakimwagika, upepo unayaleta machoni. Motere ikishika moto, shofere anaingia ndani ya ule moto kwa kilometa 300 kwa saa.

Garlits alilijua jambo hili mwilini mwake. Alizaliwa mwaka 1932, akakulia upande wa Tampa, jimbo la Florida, na magari yake aliyatengeneza mwenyewe kwenye garaje, akiyapa jina la Panya wa Kinamasi pamoja na namba. Mwaka 1959, huko Chester katika South Carolina, motere ilimpasukia na moto ukamchoma vibaya mikononi na usoni. Alipona akarudi. Mwaka 1964 akapita maili 200 kwa saa, yaani kilometa 322, na wengi wakamhesabu kuwa wa kwanza kufika hapo kwa gari la aina hiyo. Lakini wenzake walikuwa wanakufa. Mike Sorokin alikufa mwishoni mwa mwaka 1967 baada ya ambreaje kupasuka. John Mulligan aliungua kwenye mashindano makubwa ya Indianapolis mwezi wa 9 mwaka 1969, na hakumaliza mwezi ule. Watu walizika, kisha wikendi iliyofuata walirudi uwanjani na magari ya aina ileile. Inashangaza, lakini ndivyo ilivyokuwa: kila mmoja aliona hatari, na kila mmoja aliogopa kuwa wa kwanza kubadilisha kitu chenye kushinda.

Akiwa kitandani hospitalini, Garlits alianza kupanga namna nyingine. Motere iende nyuma, shofere akae mbele yake. Hakuwa mtu wa kwanza kuwaza hivyo. Wengine walikwisha kujaribu katika miaka iliyotangulia, na magari yao yalipata sifa mbaya: yalikuwa yanayumba, hayanyooki, yanampeleka mtu kwenye ukuta. Mafundi wengi walikwisha kukata shauri kwamba motere nyuma ni kifo. Garlits alijua maneno hayo yote. Lakini sasa mguu wake ulikuwa umefungwa bandeji, na lile gari la zamani alilijua vizuri zaidi kuliko hayo maneno.

Mwisho wa mwaka 1970 gari jipya lilikuwa linajengwa huko Florida. Lilikuwa Panya wa Kinamasi namba 14. Pamoja naye kazini walikuwa T. C. Lemons, fundi wake wa motere na msafiri mwenzake, na Connie Swingle, mtu wa kuunganisha vyuma ambaye pia alikwisha kuendesha magari ya Garlits miaka ya nyuma. Walilipeleka kwenye uwanja wa karibu kulijaribu, na mambo yakawa kama wenye kubeza walivyosema. Gari lilitoka vizuri, lakini kila lilipopata mwendo likaanza kuruka kushoto, kisha kulia, kisha kushoto tena. Walibadilisha hiki na kile. Walilirudisha garaje, wakalipeleka tena uwanjani. Likarudi kufanya vilevile.

Hapa ndipo wengi wangeacha, na Garlits mwenyewe amesimulia kwamba alikaribia kuacha. Mkewe, Pat, ndiye aliyemkatalia. Alikuwa amekaa pembeni ya kitanda cha hospitali mara mbili, mwaka 1959 na mwaka 1970, na hakutaka kukaa mara ya tatu kwa ajili ya gari lilelile la motere mbele.

Dawa ilipatikana kwa Swingle, na ilikuwa jambo dogo kuliko walivyodhani. Kwenye gari la manati shofere amekaa nyuma, juu ya magurudumu yenye kusukuma. Mkia ukianza kuteleza, anausikia mara moja kwenye makalio na anageuza usukani kwa nguvu na kwa haraka. Kwenye gari jipya amekaa mbele sana, karibu na magurudumu madogo yenye kuongoza. Kila anapogusa usukani kidogo, pua ya gari inakimbia, naye anaisikia kupita kiasi, anarudisha, na anarudisha kupita kiasi tena. Gari halikuwa na kosa la kuyumba. Ni mikono ya shofere iliyokuwa inaliyumbisha, mikono iliyofundishwa miaka mingi kwenye gari la namna nyingine. Swingle akasema usukani upunguzwe ukali, ili mtu ageuze sana na magurudumu yageuke kidogo tu. Wakabadilisha meno ya usukani. Gari likanyooka.

Mtu anaweza kucheka kwamba miaka yote ile ya hofu ilizungukia kisanduku kidogo cha usukani. Lakini mekanisiani yeyote mwenye umri anajua kwamba kosa lenye kusumbua zaidi ni lile ambalo watu wanalitafuta mahali pasipo.

Mwanzoni mwa Januari 1971 walifunga gari kwenye trela na kuanza safari ya kwenda upande mwingine wa nchi, kutoka Florida mpaka California, kama kilometa 4,000. Ndiyo yalikuwa maisha ya timu hizi: watu wachache, gari la kuvuta, trela, masanduku ya vyuma vya kubadilisha, na usingizi wa kupokezana barabarani. Leo mji huu, kesho mji ule, na mara nyingi pesa za mwenye uwanja ndizo zilizonunua chakula na mafuta ya kufika kwenye mashindano yanayofuata. Motere ikipasuka Jumamosi, inafunguliwa usiku na kufungwa upya kabla ya Jumapili asubuhi.

Na uwanja wa kwanza ulikuwa upi? Ulikuwa Lions, uleule ambao miezi kumi tu iliyopita ulikuwa umemkata mguu.

Wapinzani walilitazama lile gari na wengine wakacheka. Garlits akapita duru moja baada ya nyingine mpaka fainali, ambapo Gary Cochran, mwenye gari la motere mbele, alimshinda. Kushindwa huko hakukumvunja moyo mtu yeyote kwenye timu. Gari lilikwenda moja kwa moja siku nzima, na shofere alitoka ndani yake bila tone la mafuta usoni.

Kutoka hapo walikwenda Pomona, palepale California, kwenye mashindano makubwa ya kufungua mwaka. Fainali ilikuwa dhidi ya Kenny Safford, na Garlits alishinda. Mwezi wa 3 wakawa Bakersfield, na hapo pia alishinda. Kicheko kikaisha. Wenye garaje za California, waliokuwa na magari mapya ya motere mbele ambayo hayajamaliza hata msimu mmoja, walianza kuagiza mengine.

Lakini msimu haukuwa wa ushindi mtupu. Mwezi wa 9 huko Indianapolis, kwenye fainali, alikutana na Steve Carbone, ambaye bado aliendesha gari la zamani. Miaka mitatu nyuma, mahali pale pale, Garlits alikuwa amemshinda Carbone kwa kumsubirisha kwenye mstari mpaka motere yake ichemke. Carbone hakusahau. Safari hii naye alikataa kusogea. Magari mawili yalisimama yakinguruma, hakuna mwenye kuingia kwenye taa kwanza, motere zinapata moto, watu wamesimama juu ya viti. Mwishowe Garlits ndiye aliyeingia kwanza, na Carbone akashinda. Gari la manati lilikuwa limelipiga gari jipya kwenye mashindano makubwa kuliko yote ya mwaka.

Ushindi huo haukubadilisha safari. Katika miaka miwili hivi, karibu magari yote ya daraja lile yalikuwa na motere nyuma, na mashofere wakaanza kuendesha bila kukaa nyuma ya moto. Ajali hazikuisha, motere ziliendelea kupasuka, ila zilipasukia nyuma ya mgongo. Mwaka 1975 Garlits akawa bingwa wa Marekani, na huko Ontario, California, alipita maili 250 kwa saa, yaani kama kilometa 402, kwa gari lenye motere nyuma.

Panya namba 14 aliwekwa baadaye kwenye jumba la makumbusho la mbio hizo ambalo Garlits alilifungua Florida mwaka 1984. Uwanja wa Lions haukuona mengi ya mabadiliko hayo. Ulikuwa umefunguliwa mwaka 1955 ili kuondoa vijana wenye kukimbizana na magari barabarani. Majirani walichoka na kelele, bandari ya Los Angeles ilihitaji ardhi, na mwezi wa 12 mwaka 1972 mbio za mwisho zilifanyika pale. Makontena yakapangwa juu yake.