Simu ya Upepo na Kutekwa kwa Meli Hermann von Wissmann: Liuli, Agosti 1914

Wanahistoria wa Vita Kuu ya Kwanza katika Afrika Mashariki hulitaja tukio la Liuli kwa aya moja, aghalabu kama kichekesho. Nahodha wa Kiingereza, Rhoades, aliiteka meli ya Berndt, rafiki yake wa Kijerumani ambaye hakujua kwamba mataifa yao yalikuwa vitani. Kichekesho hicho kimefunika swali zito: kwa nini habari iliyokwisha kufika Dar es Salaam haikumfikia mtu aliyeihitaji kuliko wengi?

Koloni la Kijerumani halikukosa simu ya upepo. Vituo vyake vilikuwa Dar es Salaam, Mwanza na Bukoba, yaani pwani na Ziwa Viktoria, kulikokuwa na biashara kubwa. Ziwa Nyasa halikupewa kituo. Liuli, iliyoitwa Sphinxhafen kwa sababu ya mwamba wake unaofanana na Sfinksi, ilikuwa na meli, lakini nyuma yake zilisimama nyanda za juu za Umatengo, ulipo mji wa Mbinga leo, na habari yoyote kutoka Songea ilipaswa kuzivuka nyanda hizo. Dar es Salaam ilijua habari za vita tangu tarehe 5 Agosti. Siku tatu baadaye manowari Astraea iliushambulia mji huo, na mnara wa simu ya upepo ukapotea. Kwa hiyo hata kama Wissmann ingefungwa mtambo wa kupokea, muda wa kuitumia sauti ya Dar es Salaam ungekuwa mfupi mno.

Upande wa Waingereza hapakuhitajika mtambo mpya. Waya wa simu uliokusudiwa na Cecil Rhodes kuunganisha Kusini mwa Afrika na Misri ulikwisha kupita Blantyre na Zomba, ukafuata ufuko wa magharibi wa ziwa hadi Karonga na kuendelea kaskazini. Waya hauwezi kuifuata meli majini, na huo ndio udhaifu wake. Lakini ulitosha kumfikishia Rhoades amri kabla hajang'oa nanga ya Gwendolen.

Tarehe 13 Agosti Wissmann ilikuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Gwendolen ilifyatua mzinga, na Berndt akaja kwa mashua kuuliza maana yake. Alichukuliwa mateka. Waingereza waling'oa sehemu za mitambo ya meli, wakaondoka; magazeti ya London yakaupokea ushindi huo kama ushindi wa majini. Kwa kweli ulikuwa ushindi wa waya dhidi ya ukimya, kwani mzinga ulilia baada ya jambo kuamuliwa.

Wajerumani waliijua thamani ya meli hiyo na wakaanza kuitengeneza upya. Mwezi Mei 1915 Waingereza walirudi Liuli kuiharibu. Safari hiyo walilazimika kushusha askari, maana hapakuwa tena na mtu ufukoni asiyejua kwamba kulikuwa na vita.