Kutoa mzigo Kilindini: Shimanzi na zamu za kompyuta

Kutoa mzigo bandarini ni kazi ya maandishi kabla ya kuwa kazi ya winchi na lori. Kontena likishushwa bandari ya Kilindini haliondoki mpaka bili ya shehena, ankara, risiti ya ushuru na vibali vya idara mbalimbali vikubaliane neno kwa neno, na anayehangaika vikubaliane ni wakala wa forodha. Shimanzi ni mmoja wa mitaa ya Mombasa iliyozoea hangaiko hilo. Ni mtaa wa maghala, matangi ya mafuta na njia za reli, na katikati yake zimo ofisi za chumba kimoja au viwili ambamo ukuta mzima umekaliwa na kabati la faili.

Mtaa huu uliifuata bandari. Reli ya Uganda ilianza kutandazwa Mombasa mwaka 1896, na mwaka 1926 gati za kwanza za maji ya kina zikaanza kazi Kilindini. Majahazi yalibaki upande wa Mji wa Kale, meli kubwa zikahamia magharibi ya kisiwa, na Shimanzi, iliyo baina ya gati na Makupa, ikawa mahali pa kuhifadhi yaliyoshushwa. Gati na reli zimeandikiwa vitabu. Lililoandikwa kwa nadra ni jambo ambalo makarani wa mtaa huo wamelazimika kujifunza upya kila baada ya miaka michache, nalo ni mfumo wa kompyuta wa siku hiyo.

Kabla ya kompyuta ilikuwapo taipu. Hati kuu ilikuwa tamko la forodha, entri kwa lugha ya ofisini, na fomu yake iliyozoeleka ni ile ambayo mawakala huitaja kwa nambari, C63. Nakala kadhaa zilichapwa kwa mpigo mmoja, zikitenganishwa na karatasi ya kaboni, hivyo kosa kwenye nakala ya juu lilizama mpaka ya chini. Karani alizibeba hadi Long Room, ukumbi wa forodha wenye kaunta, na hapo zilipita mikono: huyu anahakiki, yule anakokotoa ushuru, wa tatu anapokea malipo, wa nne anagonga muhuri. Kisha safari ya pili ikaanza, ya ankara za bandari na pasi ya kutokea getini. Ofisi yenye karani mwepesi wa miguu, anayefahamika kaunta kwa jina, ilikuwa na mtaji. Mtaji huohuo ulikuwa na upande wake mbaya, maana mahali ambapo faili husogezwa kwa mkono, mkono nao hujifunza kudai.

Karatasi ilikuwa na udhaifu mwingine usiosemwa sana: haikuwa na uwezo wa kujikagua. Nambari ya kontena, kwa kanuni ya kimataifa, ina herufi nne na tarakimu saba, na tarakimu ya mwisho hukokotolewa kutokana na herufi na tarakimu zote zilizotangulia. Karani akibadilisha 3 kuwa 8, kwa kawaida hesabu haifungi. Kompyuta iliyofundishwa hesabu hiyo huona kosa papo hapo na kukataa kuendelea. Taipu ilichapa chochote ilichopewa, na kosa likajulikana siku ambayo lori lilifika kuchukua kontena ambalo, kwa mujibu wa karatasi, halikuwamo bandarini.

Kompyuta ya kwanza ya forodha ya Kenya, iliyoitwa BOFFIN, iliingia kazini mwishoni mwa miaka ya 1980. Kwa wakala wa Shimanzi haikubadilisha mengi. Fomu iliandikwa kama zamani, ikapelekwa Long Room kama zamani, na afisa ndiye aliyeingiza taarifa zake kwenye mashine ya serikali. Mwaka 1995, tarehe 1 Julai, forodha iliwekwa chini ya Mamlaka ya Mapato ya Kenya, KRA, na miaka kumi mingine ikapita kwa mwendo huohuo.

Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 2005. Januari mwaka huo sheria moja ya usimamizi wa forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianza kutumika, na Julai KRA ikazindua mfumo ulioitwa Simba 2005, uliotokana na mfumo wa GAINDE wa forodha ya Senegali. Si jambo la kupitwa haraka. Nchi ya Afrika ilinunua programu kutoka nchi nyingine ya Afrika, tena iliyokwisha kujaribiwa katika bandari ya Dakar. Kwa Simba, wakala aliingiza entri mwenyewe akiwa ofisini kwake, kwa jina lake na neno lake la siri, na maafisa waliokuwa wakipitia hati sasa walikaa katika kituo kimoja Nairobi, kwenye jengo la Times Tower. Karani wa miguu mepesi akapitwa na karani wa vidole vyepesi. Kaunta iliyokuwa umbali wa matembezi ikahamia kilomita karibu 500, na afisa aliyekuwa na sura akawa ujumbe kwenye skrini.

Shida ilikuwa njia ya kufika huko. Mwaka 2005 pwani ya Afrika Mashariki haikuwa na waya wa intaneti chini ya bahari. Mawasiliano na dunia yalipanda kwenye setilaiti na kushuka, ghali na ya polepole, na laini za simu za ndani zilikuwa na matatizo yake. Kukwama kwa Simba kukawa habari ya kawaida katika magazeti ya Kenya, na chama cha mawakala, KIFWA, kilipeleka malalamiko mwaka baada ya mwaka. Lililowauma mawakala halikuwa kungoja kwenyewe. Bandari huupa mzigo unaobaki nchini siku nne za kukaa bila malipo, baada ya hapo gharama za kuhifadhi huanza kuhesabiwa, na kampuni ya meli nayo ina hesabu yake ya siku za kontena. Mfumo ukilala, hesabu hizo hazilali. Mwenye mzigo humuuliza wakala, wakala hana wa kumuuliza.

Bandari yenyewe ilipata mfumo wake mwaka 2008, KWATOS, uliotengenezwa Korea Kusini ili kupanga kontena uwanjani, kuongoza winchi na kusimamia mageti. Ulikuja mwaka mgumu. Januari ghasia za baada ya uchaguzi zilikuwa zimefunga barabara na reli ya kwenda Uganda na mizigo ikajaa. Tena bandari ilikuwa ikikua kwa kasi: makontena ya mwaka 2006 hayakufika nusu milioni kwa kipimo cha futi 20, na mwaka 2014 yalivuka milioni moja. Kwa wingi huo daftari la mkono lisingetosha, hilo halina ubishi. Lakini kuanzia hapo palikuwa na mifumo miwili ambayo lazima ielewane. Forodha ikiachia mzigo ndani ya Simba, ujumbe wa kuachia ulipaswa kuonekana ndani ya KWATOS, na usipoonekana lori husimama getini hata kama ushuru umelipwa hadi senti ya mwisho. Kazi ya kuukimbiza ujumbe huo, kwa simu au kwa mguu na karatasi iliyochapwa mkononi, ilimrudia yuleyule karani.

Mwaka 2009 waya zilifika. TEAMS, unaotoka Fujairah katika Falme za Kiarabu, ulitua Mombasa mwezi Juni, na SEACOM ukaanza kazi Julai. EASSy ukafuata mwaka 2010. Bei ya intaneti ikashuka na kasi ikapanda. Hata hivyo waya hizo zina jirani mkorofi. Februari 2012 meli iliyokuwa ikingoja zamu ya kuingia bandari ya Mombasa ilitia nanga mahali pasiporuhusiwa na kuukata TEAMS, na mawasiliano ya nchi kadhaa yakayumba. Meli iliyokuja kuleta mizigo ndiyo iliyokata njia inayotumika kuitoa.

Kwa nadharia, tiba ya mifumo mingi ni dirisha moja. Singapore ilianza kulitumia mwaka 1989 kwa mfumo wake wa TradeNet, ambamo mfanyabiashara anatoa taarifa mara moja na idara zote zinazisoma. Kenya iliunda shirika la KenTrade mwaka 2011 kwa kazi hiyo, na mfumo uliojengwa na CrimsonLogic, kampuni ya Singapore, ukazinduliwa rasmi na Rais Uhuru Kenyatta Mei 2014. Vibali vya KEBS kwa viwango, vya KEPHIS kwa mimea, vya afya ya bandari na vinginevyo sasa viliombwa mahali pamoja. Ilikuwa nafuu ya kweli kwa ofisi iliyokuwa ikituma tarishi kwa kila idara. Lakini Simba hakuondoka, wala KWATOS. Dirisha liliwekwa mbele ya milango iliyokuwapo.

Mwaka huohuo wa 2014 Himaya Moja ya Forodha ya Afrika Mashariki ilianza. Mzigo wa Kampala au Kigali hutozwa ushuru na nchi unakokwenda kabla haujatoka Mombasa, na maafisa wa nchi hizo wakapewa ofisi mjini. Uganda inatumia ASYCUDA World, mfumo wa Umoja wa Mataifa. Karani mwenye wateja wa Nairobi na Kampala alijikuta na madirisha manne au matano wazi kwenye kompyuta moja, kila moja na neno lake la siri, kila moja likiuliza uzito wa kontena lilelile.

Tukio la mbali la mwaka 2017 linaonyesha jinsi usasishaji wa programu unavyoweza kugeuka msiba. Tarehe 27 Juni kirusi cha NotPetya kiliingia katika kampuni nyingi kupitia sasisho la M.E.Doc, programu ya uhasibu inayotumika Ukraine. Maersk, kampuni ya meli ambayo kontena zake hupita Kilindini kama zinavyopita karibu kila bandari, ilikuwa miongoni mwa zilizopigwa. Ilibidi isimike upya seva 4,000 na kompyuta 45,000 katika siku kumi. Seva zinazotunza orodha ya watumiaji na mashine za mtandao wake zilifutika zote isipokuwa moja iliyokuwa Ghana: umeme ulikuwa umekatika, mashine ikawa imezimika kirusi kilipopita. Mfanyakazi wa Ghana hakuwa na viza ya Uingereza, kwa hiyo diski ilipokezanwa uwanja wa ndege nchini Nigeria na mwenzake akaendelea nayo hadi London. Gati za Mombasa huendeshwa na mamlaka ya bandari, KPA, si Maersk, lakini funzo la kiufundi ni lilelile kwa ofisi ya chumba kimoja: nakala iliyounganishwa na mfumo huangamia pamoja nao.

Wakati huo Shimanzi ilikuwa na hofu iliyo karibu zaidi. Treni za mizigo za reli mpya, SGR, zilianza mwaka 2018, na serikali ikaelekeza kontena nyingi zipelekwe kwanza bandari ya nchi kavu ya Nairobi na kutolewa huko. Wafanyakazi na wenye malori wa Mombasa waliandamana. Septemba 2022 Rais William Ruto, mara tu baada ya kuapishwa, akatangaza utoaji wa mizigo urudi Mombasa. Mjadala ule ulihusu reli na mkopo wa kuijenga, na kwa haki. Hata hivyo, jambo la kompyuta halikutajwa inavyostahili: agizo la kupeleka mizigo Nairobi lingekuwa gumu zaidi kutekeleza enzi za Long Room. Lilirahisika kwa sababu tangu 2005 entri haikumhitaji mtu asimame kaunta ya Mombasa.

Mfumo wa sasa wa forodha, iCMS, ulichukua nafasi ya Simba kwa awamu kuelekea mwisho wa miaka ya 2010. Huvuta taarifa za manifesti, yaani orodha ya mizigo ya meli, moja kwa moja na kuzilinganisha na tamko la wakala, kwa hiyo uzito usiolingana au jina la mwagizaji lililopungua herufi hujulikana mapema. Marekebisho ya manifesti, ambayo yalikuwa mazungumzo, yamekuwa hatua rasmi yenye kusubiri kwake. Kuhama kwa awamu kulimaanisha kwamba kwa muda mizigo mipya ilikuwa iCMS na ya zamani ilikuwa Simba, na mteja mmoja aliweza kuwa na kontena kila upande.

Ofisi za Shimanzi zimeukabili mfululizo huu kwa njia isiyo na teknolojia yoyote: huchapa. Sheria ya Mfumo wa Dirisha Moja ya mwaka 2022 inazipa hati za kielektroniki uzito wa kisheria, lakini sheria ya forodha ya jumuiya inawataka wanaohusika na mzigo waweze kutoa hati zake hata miaka mitano baadaye, na katika miaka mitano mfumo unaweza kuwa umebadilishwa mara moja au mbili. Mkaguzi akiuliza leo kuhusu kontena la wakati wa mpito, jibu hutoka kwenye faili la manila lenye nambari ya kazi mgongoni. Juu huwa bili ya shehena, kisha ankara, tamko, risiti ya ushuru, ankara ya bandari na pasi ya geti. Kwenye ofisi zilizo makini kuna karatasi moja zaidi, picha ya skrini iliyochapwa ikionyesha saa na dakika ambayo mfumo ulikataa kufunguka, kwa ajili ya kudai msamaha wa gharama za kuhifadhi.