PHP na MySQL: historia ya kosa lililonyamaza

Kama ulijifunza PHP miaka ya 2000, bila shaka ulikutana na onyo la mysql_fetch_array kwamba ulichoipa si matokeo halali ya MySQL. Onyo linataja mstari wa 12. Unaukagua herufi kwa herufi, hauna kasoro. Mwenye makosa ni mstari wa 11, ulio na mysql_query, nao umenyamaza kimya.

Ukimya huo ulitoka wapi? PHP ya Rasmus Lerdorf na MySQL kutoka Uswidi zote zilitolewa mwaka wa 1995. PHP ilifuata desturi ya lugha ya C: kazi ikishindikana, rudisha thamani ya kuonyesha hivyo, mwandishi ajiangalilie mwenyewe. Kwa hiyo ukikosea jina la safu, mysql_query ilirudisha FALSE na programu ikaendelea, hadi mstari uliofuata ulipojikwaa.

Dawa ya wakati huo ilikuwa or die(mysql_error()). Ilitaja kosa halisi, lakini ilimwonyesha kila mgeni wa tovuti, pamoja na majina ya majedwali yako. Mdukuzi angetaka nini zaidi?

PHP 5 ilikuja mwaka wa 2004 na mysqli, pamoja na uwezo wa kutupa kosa na kulidaka. PDO ikafuata na PHP 5.1 mwaka wa 2005. Hata hivyo zote mbili ziliendelea kunyamaza usipozibadilisha mwenyewe. Kazi za zamani za mysql_ zilitangazwa za kuachwa katika PHP 5.5 mwaka wa 2013, zikaondolewa kabisa katika PHP 7.0 mwaka wa 2015. PDO ilianza kutupa makosa yenyewe katika PHP 8.0 mwaka wa 2020, na mysqli katika 8.1 mwaka wa 2021. Hesabu mwenyewe: miaka 17 tangu PHP ipate uwezo huo!

Ukirithi tovuti ya mysqli iliyo chini ya 8.1, andika hivi kabla ya kuunganisha hifadhidata:

mysqli_report(MYSQLI_REPORT_ERROR | MYSQLI_REPORT_STRICT);

Kisha elekeza makosa kwenye faili la kumbukumbu la seva, yasionekane na wageni.

Jambo moja halijabadilika tangu mwanzo: swali lisilopata safu mlalo hata moja halijashindwa. Limejibiwa, na jibu ni kwamba hakuna kitu. Hapo usitafute kosa la SQL, angalia masharti ya WHERE.