Wiki Mbili Pwani, Bili kwa Kaunti

Mwambie daktari wa Nairobi kwamba umechoka: huna malaria, huna homa, mwili tu umekataa. Atakwambia upumzike. Upumzike wapi na nani alipe, hilo ni shauri lako. Mwenye bahati anaenda ushago.

Kuna wakati Waingereza walijaribu kulijibu swali hilo kwa sheria. Huduma yao ya Taifa ya Afya ilianza tarehe 5 Julai 1948, na kifungu cha 28 cha sheria iliyoiunda, ya mwaka 1946, kiliruhusu mabaraza ya kaunti na ya miji mikubwa kukinga maradhi na kuwatunza watu baada ya kuugua. Chini ya kifungu hicho, mabaraza kadhaa yakaanza kulipia likizo za kurudisha nguvu, mara nyingi kwenye nyumba za mapumziko kando ya bahari.

Imani katika upepo wa bahari ilikuwa ya zamani. Huko Margate, hospitali ya ufuoni ya kuwatibu maskini wa London ilianzishwa mwaka 1791. Kipya kilikuwa mpaka uliochorwa: anayehitaji daktari na nesi ni wa hospitali, anayehitaji usingizi, chakula kizuri na hewa safi ni wa baraza.

Fikiria mama wa watoto wanne aliyetoka kuugua nimonia. Hospitali imemalizana naye, lakini nyumbani kunamngoja chumba chenye unyevu na rundo la nguo chafu. Desemba 1952, moshi wa makaa ya mawe uliua maelfu ya watu London. Hewa safi haikuwa anasa. Daktari akimwombea nafasi, mapato ya nyumbani yanaangaliwa, na mwenye uwezo anachangia gharama.

Na watoto je? Kifungu cha 29 kiliruhusu baraza kupeleka msaidizi wa kazi za nyumbani. Aliyekiandika alijua kwamba mama hapumziki mpaka mtu mwingine ashike sufuria.

Lakini sheria ilisema baraza "linaweza". Ukiishi kwenye kaunti yenye moyo, unaenda pwani; ukivuka mpaka, unabaki na uchovu wako. Mwaka 1974 huduma za afya zikatolewa mikononi mwa mabaraza, zikapewa mamlaka mpya.

Hata hivyo, kwa miaka ishirini na sita, kuchoka kulikuwa na kifungu chake cha sheria. Kwetu bado ni shauri lako, na nauli ya ushago ni yako pia.